Habari za Kifundo cha Mguu

Katika kurasa hizi mara nyingi twasoma maonyo juu ya malaria, juu ya maji yasiyochemshwa, na juu ya malezi ya watoto wachanga; nayo ni maonyo mema. Lakini juu ya kifundo cha mguu sijapata kuona neno, kana kwamba kifundo hakiugui. Walakini ulizeni katika shule yo yote yenye uwanja wa mpira, mtaambiwa kwamba haupiti muhula pasipo mtoto mmoja au wawili kuteguka mguu. Na shauri wanalopewa ni lile lile siku zote: kanda, funga, na ukiacha kuuma rudi uwanjani. Neno hilo la mwisho, kwamba mguu ukiacha kuuma umepona, ndilo ninalotaka kulishitaki leo, maana nalipata kulichunguza katika mwili wangu mwenyewe, wiki sita kabla ya mbio.

Mbio ninazosema ni zile za Moshi, ziitwazo Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, nazo miaka hii ya karibuni hukimbiwa Jumapili ya mwisho ya Februari. (Najua wako wazee watakaouliza habari ya kukimbia siku ya Jumapili. Ibada ya jioni ipo, nami nalihudhuria, ingawa naliketi kwa taabu.) Ziko mbio ndefu za kilometa 42 na kidogo, na nusu yake, yaani kilometa 21, na fupi za kilometa 5 ambazo hata watoto na wazee huingia. Mimi nalijiandikisha katika nusu. Njia yake si ya tambarare: yapanda kutoka mjini kuelekea Mweka, palipo chuo cha mambo ya wanyama wa porini kilichofunguliwa mwaka 1963, ikipita katikati ya migomba na mibuni, kisha yateremka kurudi mjini. Nawaomba mshike habari hii ya kupanda na kuteremka, maana mbele tutaihitaji.

Wala sikujiandikisha peke yangu. Yuko kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye siku hizi ni fundi wa baiskeli karibu na soko letu. Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa kiasi kidogo hata ikabidi picha itazamwe, vijana wa kwetu wamewaka moto wa kukimbia, na huyu ni mmojawapo. Ana miguu mizuri, lakini ni mtu wa haya, asiyependa kuonekana mbele za watu. Akaniambia, "Mwalimu, ukienda wewe, nami nitakwenda. Usipokwenda, siendi." Akatoa kiingilio kwa fedha yake mwenyewe, fedha ya kuziba pancha nyingi. Kwa hiyo kifundo changu kilipoteguka, hasara haikuwa yangu peke yangu.

Ilikuwa Jumamosi alfajiri, twalikuwa tukiteremka njia ya mashambani, yeye mbele na mimi nyuma. Mvua za vuli zilikuwa zimechimba mfereji kuikata njia, na majani yalikuwa yameota juu yake hata usionekane. Mguu wangu wa kuume ukakanyaga ukingo, wayo ukageukia ndani, nami nikasikia mlio kama wa kijiti kibichi kinachovunjwa. Nikaketi chini. Kijana akarudi, akasimama karibu nami, akasema, "Pole sana, Mwalimu." Kisha baada ya kitambo akasema tena, kwa sauti ndogo, "Na mbio?" Sikumjibu. Akaenda kuleta baiskeli, akanipandisha, akanisukuma hadi nyumbani. Na tulipofika, jicho la mguu, yaani lile nundu la mfupa lililo upande wa nje, halikuonekana tena kwa uvimbe.

Inafaa nieleze kidogo kilichotokea ndani, maana wengi husema "mshipa umeshtuka" wakaishia hapo. Mifupa ya kifundo yafungwa pamoja kwa kano, ambazo ni kamba ngumu, nyeupe, zisizovutika sana. Upande wa nje ziko tatu. Mguu ukigeukia ndani, mzigo wote wa mwili waziangukia hizo tatu, na ile ya mbele ndiyo hukatika kwanza, kwa kuwa ni dhaifu kuliko wenzake. Matabibu huyagawa madhara haya katika daraja tatu: kano iliyovutika tu, kano iliyokatika sehemu, na kano iliyokatika kabisa. Yangu ilikuwa ya daraja la pili. Katika zahanati tabibu hakunipeleka kupiga picha ya mifupa, nami nikashangaa, hata akanieleza kanuni ambayo madaktari wa mji wa Ottawa, nchi ya Kanada, waliitoa mwaka 1992. Mgonjwa aliyeweza kwenda hatua nne alipoumia, na akaweza tena kwenda hatua nne mbele ya tabibu, hata kwa kuchechemea, wala hasikii uchungu akibonyezwa juu ya mifupa fulani ya kifundo na ya wayo, kwa kawaida hakuvunjika mfupa. Naliona ni kanuni nzuri sana kwa nchi ambayo mashine ya picha yaweza kuwa mbali kwa safari ya siku nzima. Hatua nne hazihitaji nauli.

Jioni ya siku ile ile akaja bibi jirani yetu, mwenye sifa ya mikono ya kuchua, amechukua chupa ya mafuta na birika la maji ya moto. Nikamwamkia, akaitika, akautazama mguu, akasema, "Mwalimu, mguu usipochuliwa ukiwa bado moto hupoa vibaya." Sikutaka kumvunjia heshima, kwa kuwa amewachua wengi, hata mke wangu alipojifungua. Nikamwomba, "Bibi, nipe siku kumi, ndipo uje uuchue upendavyo." Maana katika siku za kwanza mishipa midogo iliyokatika pamoja na kano bado yavuja damu ndani, na maji ya moto na vidole vyenye nguvu huzidisha kuvuja huko. Hakupendezwa, lakini siku ya kumi alirudi kweli, akalichua shavu la mguu lililokuwa limekakamaa kama ubao, nami nikaona nafuu kubwa. Sisemi hata kidogo kwamba mikono yake haina kazi; nasema ina siku zake.

Juu ya barafu nako pana kisa. Katika mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, alitunga shauri la mambo manne: kupumzika, kuweka barafu, kufunga, na kuinua mguu. Shauri lile likaenea duniani kote, likafundishwa katika kozi za huduma ya kwanza na katika vyama vya Skauti. Mwaka 2014 Mirkin yule yule akaandika kwamba barafu, pamoja na kupumzika kabisa, huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ule ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujitengeneza. Si watu wengi wanaotengua kwa mkono wao jambo lililowapa jina, nami namheshimu kwa hilo. Basi naliweka barafu siku ya kwanza na ya pili ili nipate usingizi, nikafunga bendeji, nikauinua mguu juu ya mto, na tangu siku ya tatu nikaanza kuukanyagia kidogo kidogo.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Siku ya kumi na mbili naliweza kwenda shule kwa miguu pasipo kuchechemea. Maumivu yalikuwa yamekwisha, na uvimbe ulikuwa umeshuka. Kijana wangu alipopita jioni akanikuta nikitembea uani, akafurahi mno. "Shikamoo, Mwalimu. Naona umepona! Kesho twende?" Nikamwambia asubiri kwanza tufanye hesabu. Nikasimama barazani kwa mguu wa kushoto, mzima, nikafumba macho, naye akahesabu kwa sauti: hata thelathini nilikuwa ningali nimesimama. Kisha nikasimama kwa mguu wa kuume, nikafumba macho. Alipofika sita nikashika nguzo nisianguke. Tukarudia, safari hii ikawa tano. Wala haukuuma hata kidogo. Kilichokuwapo ni kitu kigeni kabisa, nisichoweza kukieleza ila kwa kusema kwamba mguu haukujua ulipo. Macho yakiwa wazi, yalikuwa yakiufanyia kazi yake. Yalipofumbwa, ulibaki gizani.

Jambo hili daktari Freeman na wenzake walilieleza huko Uingereza mwaka 1965. Waliona wagonjwa ambao kano zao zilikuwa zimeshika tena, lakini kifundo kiliendelea kuwageuka katika njia iliyo sawa. Wakafikiri kwamba ndani ya kano na mfuko wa kiungo mna nyuzi ndogo za fahamu ambazo daima huleta habari: sasa umeinama, sasa umesimama, sasa jihadhari. Kano ikikatika, nyuzi zile nazo huharibika. Na kano ikishika, habari hazirudi zenyewe. Wakawapa wagonjwa mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba, na wale waliofanya mazoezi hayo walipata nafuu kuliko wasioyafanya. Wataalamu waliofuata wameongeza mengi juu ya fikira hiyo, na mengine wameyasahihisha, lakini mazoezi yenyewe yamebaki.

Sisi walimu tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Mtoto alilia kwa sababu ya hesabu za sehemu. Sasa ameacha kulia. Je, amejua hesabu za sehemu? Huenda amejua, na huenda amechoka kulia tu. Hatumpeleki darasa la mbele kwa sababu amenyamaza, twampa mtihani. Nami naliona wazi kwamba tarehe ya mbio ilikuwa ikitaka kukipandisha darasa kifundo changu kwa kuwa mwaka umekwisha, si kwa kuwa kimejua.

Tena nalikuwa na mfano karibu. Ninaye rafiki, mwalimu wa hesabu katika shule nyingine, aliyeteguka mguu alipokuwa chuoni, akarudi kucheza siku ya tisa kwa sababu ya fainali. Walishinda, na kombe lile leo hakuna ajuaye liko wapi. Mguu wake umegeuka tangu siku zile mara asizoweza kuhesabu, na mara ya mwisho ulimgeuka katika ngazi za kanisa, amebeba mtoto wa ubatizo. Mtoto hakudhurika, Mungu ashukuriwe. Wataalamu wa mambo ya viungo husema kwamba katika sababu zote za kuteguka kifundo, hakuna iliyo kubwa kama kuwa uliteguka kabla yake. Mimi hutembea kilometa nne kwenda shule na nne kurudi, na njia ya kwetu ni ya mawe. Nisingeweza kuuza miaka ishirini ya njia ile kwa asubuhi moja ya Februari. Lakini kila nilipofikiri hivyo naliona uso wa kijana yule, na kiingilio chake.

Basi nikaanza shule ya kifundo. Asubuhi na jioni nalipopiga mswaki nalisimama kwa mguu wa kuume peke yake, kwanza macho wazi, kisha nimefumba, na baada ya wiki moja juu ya gunia lililokunjwa, ambalo hulegea chini ya wayo na kuutia mguu mashakani. Barazani nalisimama ukingoni mwa ngazi nikajiinua kwa vidole: mguu wa kushoto mara ishirini na tano, wa kuume mara tisa tu siku ya kwanza, ukatetemeka. Nalipiga goti kuelekea ukutani, kisigino kisiondoke chini, nikapima kwa vidole umbali ambao goti laweza kuufikia. Wa kuume ulikuwa nyuma ya mwenzake kwa vidole vitatu. Wakati wa mapumziko naliyafanya hayo chini ya mwembe wa shule, na wanafunzi wakanipa jina la Korongo. Sikukasirika. Baada ya siku chache nikawakuta nusu ya darasa la nne wamesimama kwa mguu mmoja wamefumba macho, wakihesabiana, na wengi waliangukiana kabla ya kumi. Nadhani somo lile la bure lafaa kuwekwa katika vipindi vya michezo, lakini hilo ni shauri la walimu wakuu.

Kukimbia nalianza siku ya kumi na saba. Nalichagua barabara ya lami iliyo sawa, wala si uwanja wa shule, kwa kuwa nyasi huficha mashimo, nami nalikuwa nimetosheka na habari za mashimo. Dakika moja kukimbia pole pole, mbili kutembea, mara kumi, basi nikaenda zangu nyumbani. Sikukimbia siku mbili mfululizo. Nilivaa soksi ya kubana kifundo, kwa kuwa imeonekana kwamba kifundo kilichokwisha kuteguka hugeuka mara chache zaidi kikifungwa au kikivalishwa kitu cha namna hiyo. Na katika yote nalijiwekea desturi moja ambayo nadhani ilinifaa kuliko nyingine: sikukiuliza kifundo wakati wa kukimbia, maana mwili ukiwa moto husema uongo, nalikiuliza asubuhi ya pili, kabla ya kukanyaga chini. Chini kidogo ya jicho la mguu, kwa mbele, pana kishimo. Kishimo kikionekana, naliongeza dakika. Kikiwa kimejaa, hata kama hapana maumivu, sikukimbia. Katika wiki ya nne, baada ya kilometa nane, nikakiona kimejaa. Nikaacha siku tatu nzima.

Lakini siku hizo za kuacha hazikuwa bure. Kijana alinitolea baiskeli katika karakana yake, ya mteja aliyekuwa hajalipa, na Jumamosi alipofanya mbio zake ndefu mimi nalipanda kando yake. Yeye akakimbia, mimi nikashika saa na chupa ya maji. Hivyo miguu yangu haikusahau kazi, na pumzi ikabaki. Naye akazoea, pasipo kutambua, kukimbia kilometa kumi na tano na mtu ambaye hakuwa akikimbia.

Mtu asiye na jeraha ana washauri wachache. Aliye nalo anao wengi. Karibu kila aliyekuja kunitazama alinitajia John Stephen Akhwari. Habari yake yajulikana. Mtu huyu wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 2,200. Njiani akaanguka katika msongamano, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, goti limefungwa bendeji, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, si kuanza tu.

Habari hiyo naistahi, na kila mwaka naisimulia darasani. Walakini naona hutumiwa mahali pasipo pake. Akhwari hakwenda kwenye mstari na goti bovu. Aliumia katikati ya njia, na shauri alilokuwa nalo lilikuwa moja, kuacha au kumaliza. Mimi naliumia nyumbani, wiki sita kabla, na shauri langu lilikuwa jingine kabisa, yaani kuanza au kutoanza. Ujasiri wa shauri la kwanza haujibu swali la shauri la pili. Tena wasimuliaji huacha nusu ya habari yenyewe: mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa 5 katika marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Miaka karibu miwili ilikuwa imepita. Napenda kuwauliza wanaonitajia Mexico kwa nini hawanitajii Edinburgh.

Mwinjilisti wetu naye alinikumbusha Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho habari za wakimbiao uwanjani. Ni kweli, na watu wa Korintho waliwajua wakimbiaji vizuri, maana michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao. Lakini katika sura ile ile Mtume ataja pia kiasi ambacho mshindani hujiwekea, na sisi watu wa mbio twapenda sana kuusoma mstari mmoja tukauruka mwenzake. Mwinjilisti akacheka, akanywa chai yake.

Katika wiki ya tatu naliandika mtihani juu ya karatasi, nikampa kijana aiweke, nisipate kuubadilisha mioyo itakapokuwa imechemka. Naliandika hivi: Jumamosi ya mwisho kabla ya mbio, Mwalimu asimame kwa mguu wa kuume, macho yamefumbwa, hesabu ishirini na tano; ajiinue kwa vidole mara ishirini; aruke kwa mguu ule mmoja mara kumi pasipo kuyumba; kisha akimbie kilometa saba kupanda na saba kuteremka, na Jumapili asubuhi kishimo kionekane. Likipungua moja, haendi. Kijana akaikunja karatasi, akaitia katika kisanduku chake cha spana, na kwa wiki mbili zilizofuata hakuitaja hata mara moja, ila nalimwona akiutazama mguu wangu kila alipokuja.

Siku ilipofika, mambo matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. Kupanda nako kulikwenda vizuri, hata nikashangaa. Taabu ilikuwa katika kuteremka. Haukuuma, lakini tangu kilometa ya tisa naliona mguu ukisitasita kila unapokanyaga, kama mtu ashukaye ngazi gizani. Watu wote huogopa mlima wa kupanda, nami zamani nalikuwa mmoja wao, lakini kifundo huogopa mteremko, na sababu yake ni umbo la mfupa. Mfupa ule ulio katikati ya kifundo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Mtu akipanda, vidole huelekea juu, na sehemu ile pana hukaa katika pengo la mifupa ya mguu, ikabana kama kabari. Akiteremka, vidole huelekea chini, sehemu nyembamba ndiyo inayokaa penginepo, na kiungo hulegea. Basi kazi yote ya kukishika huwa juu ya kano na misuli, na misuli wakati huo imekwisha kuchoka kwa kupanda.

Jumapili asubuhi kishimo kilionekana. Kijana alikuja na karatasi yake kabla ya ibada, akaisoma neno kwa neno kama karani wa mahakama, akasema, "Mwalimu, umefaulu." Nikamwambia, "Nimefaulu kupanda. Kuteremka nimepata maksi za chini. Tutapanda pamoja, mteremko utaumaliza wewe peke yako, na mimi nitatembea mahali penye mteremko mkali." Akakataa. Akasema atatembea nami. Nikamwuliza kama alilipa kiingilio ili atembee. Akanyamaza kitambo, akasema, "Nitaona huko huko."

Siku ya mbio watu walikuwa wengi mno, na katika kilometa ya kwanza nalikuwa na hofu moja tu, ya kukanyaga kiatu cha mtu. Baadaye wakatawanyika. Tulipanda pole pole, pamoja, twaongea maneno mawili matatu. Kina mama walikuwa wametoka mashambani na vyombo vya maji, na watoto walikimbia pembeni kwa miguu mitupu, wakitupita, wakirudi, wakitupita tena. Njia ilipoanza kuteremka nikamgusa bega. Hakugeuka mara moja. Alikwenda nami hatua kama hamsini hivi, kisha akaniambia, "Mwalimu, tazama mawe," akaenda. Nalimtazama mpaka fulana yake ilipochanganyika na nyingine.

Mimi nikakimbia mahali palipo sawa, nikatembea mahali penye mteremko, kama nilivyosema. Walinipita watu wengi. Alinipita mama mmoja mtu mzima, aliyejifunga kanga juu ya suruali ya michezo, akanipungia mkono akasema, "Jikaze, baba!" Nikamshukuru, nikaendelea kutembea. Kutembea pale, mguu ukiwa hauumi na watu wakikupita, ni kazi nzito kuliko niliyofanya katika wiki zote sita, nami sikuipenda hata kidogo.

Nikafika kwa saa 2 na dakika 47. Kijana alikuwa amefika kwa saa 2 na dakika 4, amesimama upande wa kivuli na chupa mbili za maji, moja imekwisha kuwa ya moto kwa kungojea. Hakuniuliza saa yangu. Akainama, akaishusha soksi yangu, akabonyeza kwa kidole chini ya jicho la mguu, mbele ya watu wote, yeye aliye mtu wa haya. "Tutajua kesho," akasema.

Jumatatu kishimo kilikuwapo, ingawa hakikuwa kirefu. Nalipopita karakanani jioni nikakuta amebandika nambari yake ya mbio ukutani, juu ya matairi, na ile karatasi ya mtihani chini yake. Baiskeli yenyewe mteja alikuwa amekuja kuichukua.